Mkeo ana UTI isiyokwisha? Na wewe nenda ukapimwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika wiki iliyopita kuhusu maradhi ya mke wake. Kwa ambao hawakuisoma barua ile: mkewe anasumbuliwa na UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, mwaka wa pili sasa. Wamezunguka zahanati na maduka ya dawa, amechomwa sindano, amemeza vidonge vya kila rangi, juzi wamehamia kwenye mitishamba, na hela ya mahindi ya msimu imeishia humo humo. Anaomba mwenye kujua dawa ya kuponya kabisa amwelekeze. Nilimwonea huruma, maana ni mume anayehangaika na mkewe badala ya kumrudisha kwao. Ila katikati ya barua kuna maneno aliyoyapitisha haraka haraka, kwamba yeye mwenyewe ni mzima, hajawahi kuumwa chochote sehemu hizo. Hapo ndipo ninapotaka kuzungumza naye.

Mimi ni muuguzi mkunga mstaafu. Utumishi wangu wote ulikuwa Mpwapwa na Kongwa, na sasa nimetulia hapa Kibaigwa, mji wa soko la mahindi na malori. Huku UTI imekuwa jina la kila kitu. Binti akiumwa chini ya kitovu, UTI. Mama akitokwa na uchafu wenye harufu, UTI. Kijana wa kupakia magunia akiungua wakati wa kukojoa, UTI. Jina hilo linapendwa kwa sababu halimtii mtu aibuni. Watu wanaamini UTI inaokotwa kwenye choo cha stendi, kwa hiyo hakuna wa kuulizwa alilala wapi, na hakuna haja ya kumwita mwenzake.

Simwambii ndugu yetu kwamba mkewe ana ugonjwa wa zinaa. Simjui mama huyo wala sijamgusa. UTI ya kweli ipo, na wanawake huipata sana kwa kuwa njia yao ya mkojo ni fupi. Lakini UTI ya kawaida ikipata dawa yake hutulia ndani ya siku chache. Inapokuwa inarudi na kurudi, na pamoja nayo kuna maumivu ya nyonga, maumivu wakati wa tendo la ndoa, au matone ya damu baada ya tendo au katikati ya mwezi, basi mganga aliyesomea anatakiwa kuuliza maswali mengine. Moja ya maswali hayo linahusu bakteria wa zinaa aitwaye klamidia.

Kisonono watu wanakijua, kwa sababu kwa mwanaume hakijifichi: siku chache tu na usaha unachuruzika. Klamidia ni mpole. Wanawake walio wengi wanaoambukizwa hawaoni dalili yoyote, na wanaume wengi vilevile. Mwenye bahati ya kupata dalili huanza kuziona baada ya wiki moja hadi tatu: mwanaume anaona majimaji meupe kidogo asubuhi, kamwasho ndani ya njia ya mkojo, pengine korodani moja inavimba na kuuma, mwanamke anaungua akikojoa na kutokwa na ute usio wa kawaida. Halafu hata hizo zinaweza kutoweka zenyewe, na mtu akashukuru Mungu kwamba amepona, kumbe mdudu yumo. Anaweza kukaa mwilini miezi mingi, hata kupita mwaka. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 pekee watu wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walipata maambukizi mapya ya klamidia yapatayo milioni 129 duniani. Huo si ugonjwa wa watu wachache waliopotoka.

Kwa hiyo, ndugu yangu, huo uzima unaousema hauna kipimo nyuma yake. Na hata ukipimwa ukakutwa nayo, hiyo peke yake haimwambii mtu ni nani aliyeileta wala lini. Inawezekana ilikuwepo kabla hamjaoana. Naliweka hili wazi mapema kwa sababu nimeona ndoa zikivunjwa siku ya majibu na watu ambao wangeweza kutibiwa pamoja na kuendelea na maisha yao.

Sasa nieleze kwa nini mkojo umempa mkeo jibu lile lile kila mara. Kuna mama mmoja alikuja kwangu na mfuko wa plastiki umejaa vikaratasi vya maabara. Nilivipanga mezani kwa tarehe. Kila kimoja kilisema kuna seli za usaha kwenye mkojo, na kila kimoja kimeandikwa chini yake UTI. Kimoja tu kilikuwa cha mkojo uliooteshwa, na hicho kilisema hakuna bakteria aliyeota. Mama akaniambia mtaalamu wa hapo alimwambia labda chombo kilikuwa na kasoro. Chombo kilikuwa sawa kabisa. Klamidia huishi ndani ya seli za mwili wa binadamu. Kwenye kisahani cha maabara kinachootesha wadudu wa kawaida wa mkojo haioti, na kwa hadubini ya kawaida haionekani. Kinachoonekana ni usaha tu, yaani askari wa mwili waliokwenda kupigana. Usaha upo, mdudu haonekani, hapo mtaalamu anapaswa kusimama na kufikiri.

Kuna na jambo la kikombe, ambalo hata baadhi ya watumishi wenzangu hawalijui. Tukipima UTI tunamwambia mgonjwa aache mkojo wa kwanza umwagike, akinge wa katikati. Kwa klamidia ni kinyume: unatakiwa ule wa mwanzo kabisa, na mtu awe hajakojoa kwa muda wa saa moja hivi, kwa kuwa ndio unaosomba seli kutoka kwenye njia ya mkojo. Kwa mwanamke ni bora zaidi kijiti cha pamba kinachopitishwa ukeni, na anaweza kukipitisha mwenyewe nyuma ya pazia bila kuvuliwa nguo na mtu.

Na dawa? Yule mama alikuwa amepewa siprofloksasini zaidi ya mara moja, na sindano za seftriaksoni. Sindano ile ni nzuri kwa kisonono lakini klamidia haiguswi nayo, na siprofloksasini si ya kutegemea kwa mdudu huyu. Dawa yake ni doksisaiklini miligramu 100, kidonge asubuhi na jioni kwa siku saba, au azithromaisini gramu moja ya kunywa mara moja. Ni dawa za kawaida, bei yake haimshindi mkulima. Yule mama alikuwa ameshatumia hela ya kununua mbuzi.

Hapa nataka niwakumbushe watu wa Kongwa jambo ambalo sisi tunalijua kuliko wengi nchini. Bakteria huyu kwa jina la kitaalamu ni Chlamydia trachomatis. Aina zake nyingine hukaa kwenye via vya uzazi, na aina nyingine ndizo zinazoleta trakoma ya macho. Ni ukoo mmoja. Watafiti wa macho wamekuwa wakija Kongwa tangu miaka ya 1980 kwa sababu ya trakoma, na mimi nimekua nikiwaona bibi zetu wameketi mlangoni mwa tembe, kibanio mkononi, wajukuu wakiwang'oa kope zilizogeukia ndani ya jicho. Kila unapofumba na kufumbua ukope unakwangua mboni, hadi mtu anapofuka. Bibi mzaa mama aliishia hivyo.

Nilishiriki kugawa dawa ya trakoma vijijini. Tulikuwa na fimbo iliyochorwa alama. Mtoto anasimamishwa pembeni yake, unasoma urefu wake, unajua dozi. Wachanga wa chini ya miezi sita walipewa tyubu ya dawa ya macho ya tetrasaiklini. Watu wazima walimeza azithromaisini, ile ile, gramu ile ile moja. Na sikilizeni jinsi tulivyofanya: hatukumtafuta mwenye tongotongo tukamtibu peke yake. Tulitibu nyumba nzima, kijiji kizima, mwenye macho mekundu na mwenye macho meupe. Mzee akisema mimi macho yangu hayana shida, tulimwambia mzee, meza, kwa sababu mjukuu unayemlaza kifuani atakurudishia na wewe utamrudishia. Akameza. Hakuna aliyeona aibu wala aliyeuliza nani alianza. Kope za vijana wa leo zimenyooka kwa sababu ya utaratibu huo.

Ukoo huo huo wa mdudu ukihamia kwenye via vya uzazi, akili yote hiyo tunaiacha mlangoni. Tunamtibu mke peke yake, anamaliza vidonge vyake vizuri, anarudi kitandani kwa mume asiyeumwa, baada ya wiki chache anarudi dirishani kwetu. Tunaandika UTI sugu. Mwanangu, usugu huo mara nyingi hauko kwenye dawa.

Najua ni kwa nini mwenza haji, na hapa lazima nikae kidogo. Utaratibu wa kutibu magonjwa ya zinaa unatutaka tumpe mgonjwa karatasi ya kumwita mwenza wake. Nimezitoa nyingi. Nakumbuka dada mmoja, mwenye mtoto mgongoni, aliipokea, akaisoma, akaikunja mara nne mpaka ikawa kama sarafu, akaifunga kwenye pindo la khanga. Halafu akaifungua tena akanirudishia. Akasema, "Sista, hii nikiifikisha nyumbani leo nalala nje." Sikuwa na jibu la kumpa zaidi ya kumwambia amlete mume kwa sababu nyingine yoyote, kupima presha, kupima sukari, mimi nitazungumza naye. Hakumleta. Nimeonana na wanawake waliopigwa kwa ajili ya kijikaratasi hicho. Mwanamke ndiye anayekwenda kliniki, ndiye anayepimwa, ndiye anayeonekana ameleta ugonjwa kwa sababu yeye ndiye aliyepeleka habari.

Na anayebeba gharama ni yeye. Klamidia isiyotibiwa hupanda kutoka mlango wa kizazi hadi kwenye kizazi chenyewe na mirija, ndiyo hiyo PID watu wanayoitaja. Mirija ikipata makovu, inaziba au inabana. Ikiziba pande zote, hakuna mimba. Ikibana, yai lililorutubishwa linakwama njiani na mimba inatunga nje ya kizazi; mama anaanguka shambani, tumbo limejaa damu, na asipofika chumba cha upasuaji kwa haraka tunampoteza. Kisha yule aliyepona lakini hazai anaitwa tasa, ukweni wanamtafutia mwenzake, na mume anayeoa mke wa pili anampelekea na huyo. Nimeyaona haya ndani ya ua mmoja, na wanawake wote wawili nilikuwa nawafahamu kwa majina. Mume alikuwa mtu mwema, mcha Mungu, anayelipa madeni yake. Hakuwahi kupimwa.

Mtoto naye hupata sehemu yake anapopita wakati wa kuzaliwa. Tyubu tunayompaka machoni akishazaliwa haitoshi kuizuia klamidia. Macho yakivimba na kutoa usaha kuanzia siku ya tano hadi wiki mbili, msimkamulie maziwa ya mama machoni mkangoja. Mleteni. Anahitaji dawa ya kunywa, maana mdudu huyo anaweza kushuka mpaka mapafuni akamletea nimonia. Na mama na baba watibiwe siku hiyo hiyo.

Wapo watakaosema serikali ina mambo makubwa zaidi, kama UKIMWI. Wakumbuke kilichofanyika vijijini mkoani Mwanza kati ya 1991 na 1994. Watumishi wa zahanati za kawaida walifundishwa kutibu magonjwa ya zinaa vizuri, dawa zikahakikishwa zipo, wanavijiji wakaelimishwa waje mapema. Matokeo yalipotolewa mwaka 1995, dunia nzima ya utabibu ilishtuka: maambukizi mapya ya VVU katika jamii hizo yalikuwa pungufu kwa takriban asilimia 40 yakilinganishwa na jamii ambazo hazikupata huduma hiyo. Tafiti za baadaye sehemu nyingine hazikupata jibu linalofanana, kwa hiyo sisemi hiyo ndiyo dawa ya UKIMWI. Ila zahanati ya kijijini ilionyesha hapa hapa nchini kwetu kwamba inaweza kuifanya kazi hii.

Udhaifu uliobaki ni kwamba tunatibu kwa dalili, na mwenye klamidia mara nyingi hana dalili ya kutuonyesha. Mama mjamzito akija kliniki tunampima VVU na kaswende kwa tone la damu kidoleni, na tunamtaka aje na mwenza. Ni hatua kubwa. Klamidia haimo kwenye orodha hiyo. Wakati huo huo hospitali nyingi zina mashine za GeneXpert zilizoletwa kwa ajili ya kifua kikuu, na mashine hiyo hiyo, ikiwekewa katriji yake maalumu, hupima klamidia na kisonono kwa pamoja na kutoa majibu kwa muda usiozidi saa mbili. Ninaiomba Wizara ya Afya izilete katriji hizo, zianzie hata kwenye hospitali za wilaya, na zianze kwa wanawake wenye UTI inayorudi na wanandoa wanaotafuta mtoto. Gharama ipo, naijua. Lakini gharama ya sasa inalipwa na watu kama mwandishi wa barua ile, kidogo kidogo, kila mwezi, kwa dawa zisizohusika.

Kwa wenzangu wa maduka ya dawa muhimu nina ombi moja. Utaratibu wa maduka haya ulipoanzishwa Ruvuma mwaka 2003 lengo lilikuwa mwananchi wa mbali apate dawa salama kutoka kwa mtu aliyefunzwa. Mtu akija kusema nipe doksi nne za UTI, msimkatie nne. Doksisaiklini nne ni siku mbili. Mwambieni ni vidonge kumi na vinne au asubiri apate hela, na mwulizeni mwenzake yuko wapi.

Narudi kwako, ndugu msomaji. Acheni mitishamba kwa sasa. Chagueni siku moja, nendeni wote wawili kituo cha afya au hospitali ya wilaya, na wewe ndiye uanze kuzungumza, usimwachie mkeo. Sema: mke wangu ana dalili hizi mwaka wa pili, tunaomba tuchunguzwe wote magonjwa ya zinaa, na VVU pia. Kama kipimo cha klamidia hakipo, mtabibu anaweza kuwatibu kwa dalili za mkeo, na wewe upate dozi yako siku hiyo hiyo. Doksisaiklini mnywe na maji mengi mkiwa mmekaa au kusimama, msiimeze na kulala papo hapo, inachoma koo. Msiichanganye na vidonge vya damu vyenye madini ya chuma wala dawa za vidonda vya tumbo kwa saa ile ile. Msikutane kimwili hadi zipite siku saba tangu mlipoanza dawa na dozi imekwisha kwa wote wawili. Kama kuna mwingine nje, naye atibiwe, na mpaka hapo kondomu. Baada ya miezi mitatu hivi, kama kipimo kinapatikana, mpimwe tena.

Na kama kuna uwezekano wowote kwamba mkeo ni mjamzito, semeni kabla dawa haijaandikwa, kwa sababu doksisaiklini haimfai; atapewa azithromaisini.

Wako katika huduma,

Muuguzi mkunga mstaafu,
Kibaigwa, Kongwa,
Dodoma.